Mbunge wa Mpakani na Mstari Nilioufuta

Kabla sijaandika neno lolote juu ya mtu huyu, nitenge kwanza mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyasikia kutoka kinywani mwake. Fungu la pili ni yale ninayoletewa barazani na watu ambao nao waliletewa. Katika fungu hilo la pili wapo wasemao kwamba alivuka mto Ruvuma akafia ng'ambo. Wapo wasemao kwamba yu hai na analima ufuta katika kijiji kisichofikiwa na simu. Yupo pia mwenye duka mmoja hapa mtaani Mfaranyaki anayeapa kwamba alimwona Dar es Salaam akichagua viatu. Fungu hilo naliweka kando. Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi, na kazi hiyo ilinifundisha kutomwamini mtu anayeanza maelezo yake kwa "wanasema". Itaonekana huko mbele kwamba fundisho hilo liliwaumiza watu, na kwamba aliyeubeba mzigo wake hakuwa mimi.

Alikuwa mbunge. Jimbo lake lilikuwa Tunduru, katika sehemu inayoishia mtoni, ambako ukivuka maji umeingia Msumbiji. Nyumba yake ya mjini ilikuwa hapa Songea, ukuta mmoja na yangu, kwa kuwa vikao vya mkoa hufanyika huku. Nami nitamwita Mheshimiwa kama wote walivyomwita, ingawa mwenyewe hakulipenda jina hilo. "Mtu akikuita hivyo mara tatu kwa pumzi moja," aliwahi kuniambia, "shika mfuko wako."

Alikuwa Myao na Mwislamu. Mimi ni Mngoni na Mkatoliki. Kwa watu wa huku, hilo lina maana kwamba tulikuwa watani: babu zetu walichinjana, wajukuu wakarithi ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Nilimzidi umri kwa zaidi ya miaka kumi, na mdogo humwamkia mkubwa shikamoo. Lakini yeye hakuwahi kuniamkia, maana mtani hana adabu hizo kwa mtani wake. Kila alipokuwa mjini, asubuhi alichungulia juu ya ukuta na mswaki mdomoni.

"Mngoni, mtumwa wangu, bado hujafa?"

"Nife nikuachie nani, Myao? Nani atakufundisha kuvaa viatu?"

"Mtu aliyekuja na ngao toka kusini, akapitiliza njia, akashindwa kurudi kwao, leo ndiye wa kufundisha wenzake?"

Marehemu mke wangu alikuwa akisema kwamba Mungu alitupa mvi kwa makosa.

Nieleze alichokitaka, maana yote yaliyompata yalitoka hapo. Ng'ambo ya mto kulizuka watu wenye silaha waliochoma vijiji na kuua wakulima, na mara kadhaa walivuka wakafanya hivyo upande wetu. Wananchi wengi wa jimbo lake walitaka mto ufungwe kama mlango. Yeye alitaka kinyume: taifa letu lisimame na jirani, askari wetu wasaidiane na wao, na wanaokimbia wapokelewe. Aliyasema hayo bungeni, misikitini, minadani na kwenye matanga, kwa maneno yaleyale, hata waliompenda wakachoka. Mimi mwenyewe nilichoka.

Kulikuwa na methali moja asiyoivumilia. Mtu akisema mbele yake kwamba mwenzako akinyolewa wewe tia maji, alimkatiza. "Methali hiyo inakufundisha kulowesha kichwa chako tu," alisema. "Haikufundishi kumshika mkono mwenye wembe." Nilimsikia akilisema hilo kwa mkuu mmoja wa serikali, kwa padri, na kwa fundi baiskeli aliyekuwa hamsikilizi.

Chanzo cha msimamo wake alikieleza hivi: kwamba alipokuwa mtoto, enzi za wapigania uhuru wa Msumbiji waliojificha upande wetu, mama yake aliwapikia uji, naye akaubeba kichwani katika ndoo hadi porini. Mmoja wao alimpa kifungo cha koti. Kifungo hicho nimekiona. Alikuwa nacho kwenye mnyororo wa funguo. Ndoo, uji na pori sikuviona, kwa hiyo ninathibitisha kifungo peke yake.

Alikuwa na namna yake ya kusikiliza watu. Mwenye shida akiketi, alivua saa yake ya mkononi na kuilaza mezani kifudifudi, kioo chini. Baada ya hapo hakuigusa tena mpaka mtu yule ainuke mwenyewe. Niliwahi kushuhudia bibi mmoja wa Nakapanya akimweleza habari za mpaka wa shamba la mikorosho tangu adhuhuri hadi alasiri, na dereva anapiga honi nje kwa kikao kilichokuwa kimeanza zamani. Bibi alipoondoka, nilimwambia kwamba shauri lile lilikuwa la maneno kumi.

"La kwako ni la maneno kumi," alijibu. "Yeye alikuja na maneno yote."

Koti lake lilikuwa na korosho katika mfuko wa kulia sikuzote, nazo alizitoa hovyo: kwa watoto, kwa walinzi wa geti, kwa wapinzani wake. Alizila hata kwenye mazishi. Alikuwa mkarimu kwa mikono yake na bahili wa kukiri kosa. Ukimsahihisha mwaka au jina la kijiji, alinyamaza siku mbili.

Wala sitamchora kama mtakatifu. Mtoto wa dada yake alikuwa askari, na kikosi chake kilipotajwa miongoni mwa vya kwenda mpakani, nilimkuta Mheshimiwa mezani kwake akiandika barua ya kuomba kijana ahamishiwe kazi ya ofisini. Mtu yuleyule aliyesimama minadani kuomba vijana wa wengine waende! Nilimtazama. Naye alinitazama, akaendelea kuandika.

"Sema," alisema.

"Sina la kusema. Wewe ndiye unayesema kila siku."

Nilimwona akiikunja barua na kuitia katika bahasha. Sikumwona akiituma. Kijana alikwenda mpakani na akarudi salama, nimempa mkono. Zaidi ya hapo ni kukisia, na kukisia si kazi yangu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha.

Katika kipindi chake cha kwanza bungeni alisimama akasema kwamba kijiji fulani cha ng'ambo kimeteketea chote. Habari hiyo aliipata kwenye ujumbe wa simu uliosambazwa na watu wasiojulikana. Ilionekana baadaye kwamba kilichoungua ni ghala moja. Aliamriwa afute kauli yake mbele ya Bunge zima, naye akaifuta, na kwa miezi mingi wapinzani wake wa Tunduru walimwita Mzee wa Kufuta. Aliporudi Songea alikuja kwangu kupitia mlangoni badala ya ukutani, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Mtani, sitaki kufuta tena maishani. Kila karatasi nitakayopeleka kwa wakubwa, ipite kwako kwanza. Ambacho hakithibitiki, kiondoe. Hata nikilia."

Nilikubali kwa furaha, na furaha hiyo ilikuwa na majivuno ndani yake. Tangu hapo tulifuatana. Yeye aliuliza, mimi niliandika kama nilivyoandika mahakamani: nani, wapi, aliona nini. Nilikuwa na kalamu ya wino mwekundu kwa ajili ya mistari isiyofaa.

Siku moja ya kiangazi tulikwenda Mbesa, katika hospitali ya misheni, kuonana na watu waliovuka wakiwa na majeraha. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo, mkono wake umefungwa bandeji hadi begani, ameketi kwenye benchi nje ya wodi. Alizungumza Kiyao, Mheshimiwa akinifasiria, lakini palipohitajika alikuja kwenye Kiswahili mwenyewe. Saa ilikuwa kifudifudi juu ya benchi. Alieleza moto, alieleza kukimbia, alieleza mto. Nikaandika yote. Kisha akasema jambo lingine.

"Kaka yangu walimkamata siku mbili, akawatoroka. Aliwasikia wakiuliza mnada wa huku kwenu ni siku gani. Wanataka kuja siku ya mnada."

Alikitaja kijiji. Kilikuwa katika jimbo la Mheshimiwa, ukingoni kabisa mwa mto. Niliuandika mstari huo, kisha nikauliza kama ilivyonipasa.

"Wewe uliwasikia?"

"Hapana, mzee. Kaka ndiye."

"Kaka yuko wapi?"

Alitazama bandeji yake. "Alibaki."

"Amebaki hai?"

"Alibaki, mzee."

Nikachukua kalamu nyekundu. Mheshimiwa akanishika kiwiko.

"Mtani, neno hilo lina uzito."

"Lina uzito wa kusikia. Utasimama mbele ya kamati ya usalama, watakuuliza nani alisikia, utasema mtu asiyekuwepo. Watakuuliza tarehe, huna. Watakuita nani, unakumbuka?"

Alikumbuka. Alitazama mbali kidogo, upande wa jiko la hospitali, akauachia mkono wangu. Nikafuta. Mama yule hakujua kusoma, lakini aliiona rangi ya wino, akauliza kama amekosea. Mheshimiwa akamjibu kwa Kiyao. Sijui alimwambia nini, wala sikuomba tafsiri.

Lazima niongeze hapa, kwa kuwa ni haki ya msomaji. Sheria yenyewe niliyoitumikia huacha mlango mdogo kwa kauli ya mtu aliyekufa au asiyeweza kupatikana. Mlango huo niliujua. Nimewahi kuutumia katika kesi ya ng'ombe. Siku ile Mbesa niliupita bila kugeuza shingo, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu nilipenda kuwa mtu asiyedanganywa.

Maelezo yalikwenda kwenye kamati yakiwa safi. Hotuba yake ya bungeni nayo nilimwona akiisoma kwenye runinga, na nakiri kwamba kuona huko ni nusu ya kuona. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Aliomba nchi yetu isimwache jirani, kila alilotaja alikuwa na shahidi wake, na hakuna aliyemtaka afute neno. Alinipigia simu jioni ile akicheka kama mtu aliyefaulu mtihani.

Kisha wakaja siku ya mnada.

Sikuwapo, kwa hiyo sitasema walikuwa wangapi wala walivaa nini. Wapo watakaokusimulia kwa kirefu, na wengi wao siku hiyo walikuwa Songea wakinywa chai. Nilichokiona ni kesho yake. Mheshimiwa alinichukua kwenye gari lake. Niliona vibanda vya mnada vilivyoungua, kitambaa cha kanga kilichonasa kwenye mti, ndoo za dagaa zimemwagika na kuku wanazila. Niliona makaburi. Niliyahesabu, na idadi hiyo nitakaa nayo mwenyewe.

Baada ya dua, mwanamume mmoja alisimama mbele yake. Alikuwa na udongo hadi magotini, kwa kuwa alikuwa amemzika mkewe.

"Mheshimiwa, kuna mama amekuja kutoka Mbesa. Anasema aliwaambieni mapema. Ni kweli au ni maneno ya watu?"

"Ni kweli."

"Nani aliyelificha?"

"Halikufichwa. Lilifutwa."

"Na nani?"

Nilikuwa hatua moja nyuma yake, upande wa kulia. Ningeweza kumgusa. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu.

"Karatasi ilikuwa yangu," alisema. "Jibu ni langu."

"Basi wewe baba wa watu wa ng'ambo," yule bwana alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Unawalilia wao usiku na mchana. Sisi wa kwako ukatuacha juani kama korosho zilizoanikwa. Nenda kawaombe kura Wamsumbiji."

Watu wakaguna kumuunga mkono. Mmoja akapaza sauti kwamba waliokimbilia kwetu warudishwe leo leo, maana ndio walioleta balaa. Nilidhani Mheshimiwa atanyamaza. Mwanasiasa mwenye akili angenyamaza. Akasema, "Waliowaua wenu ndio waliowaua wao. Mkiwarudisha, mtakuwa mmewamalizia kazi." Hapo ndipo jiwe la kwanza lilipopiga gari.

Mimi sikusema kitu. Sikusema pale, wala njiani, wala nilipoulizwa na watu wa mjini ambao walijua nilikuwa nikifuatana naye. Nilijiambia kwamba hakuna aliyeniita shahidi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa uani. Alitokeza juu ya ukuta na mswaki mdomoni. Akautoa.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Nikajibu marahaba. Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo: shikamoo mzee, marahaba, umeamkaje mzee, salama. Adabu tupu, isiyo na kasoro. Sijawahi kuhukumiwa kwa adhabu nzito namna ile, na niliwahi kuhukumu watu wengi. Hakuninunia, hakuninyima salamu, hakunitaja kwa mtu. Alinipa heshima yote anayostahili mzee, akaishia hapo.

Katika kura za maoni za chama chake alishindwa, na aliyemshinda aliahidi kuufunga mto. Mto haukufungwa, mito haifungwi. Mheshimiwa akauza gari. Akaendelea kwenda jimboni kwa basi, kisha kwa bodaboda, kwa wale wakimbizi waliokuwa wamebaki vijijini huku wenyeji wakiwatupia jicho baya. Niliwahi kumuuliza, juu ya ukuta, kwa nini asipumzike, sasa hana jimbo.

"Jimbo walinipa watu, mzee, wakalichukua. Jirani sikupewa na mtu."

Alizeeka haraka. Saa aliacha kuivaa. Niliona alama yake nyeupe kwenye kifundo cha mkono, na alama hiyo ikafifia nayo.

Mwezi ule wa mwisho, aliniambia kwamba upande wa pili pametulia kiasi, na kwamba familia kadhaa zinataka kurudi kwao kupanda kabla ya mvua. Alitaka kuwasindikiza. Alisema angekwenda nao hadi mtoni, na kama wangemhitaji, ng'ambo.

Karatasi ya Mbesa, ile yenye wino mwekundu, ilikuwa kwangu. Iliyokwenda kwenye kamati ilikuwa nakala safi. Hiyo yangu nilikuwa nimeificha ndani ya kitabu cha sheria, pahali ambapo nilijua hakuna atakayefungua. Asubuhi ya safari yake niliitoa. Chini ya mstari uliofutwa niliandika upya maneno ya yule mama, neno kwa neno, kwa wino mweusi. Halafu nikaongeza: "Maneno haya yalisemwa mbele yangu. Aliyeyafuta ni mimi, ingawa Mheshimiwa alijaribu kunizuia." Nikaweka jina langu lote, cheo nilichokuwa nacho, na saini.

Nilipita mlangoni. Nyumba ilikuwa karibu tupu. Alikuwa akifunga begi dogo, na nje bodaboda ilikuwa ikimngoja kumpeleka stendi.

"Shikamoo, mzee."

Sikuitikia. Nikampa karatasi. Aliketi kuisoma, na nikaona mkono wake wa kulia ukienda kwenye kifundo cha kushoto kuitafuta saa isiyokuwepo. Aliisoma polepole. Alipofika kwenye saini akairudia tangu juu. Nje dereva alipiga honi, akapiga tena.

"Yule bwana aliyemzika mkewe," nilisema. "Utampitia?"

"Kijiji kiko njiani."

"Mpe aisome. Au nitakwenda nimwambie mwenyewe, nikipata nguvu za safari."

"Huna nguvu za safari."

"Sina. Ndiyo maana nimeweka saini."

Aliikunja karatasi mara mbili na kuitia mfuko wa kulia wa koti, penye korosho. Akasimama, akachukua begi. Kizingitini alisita, akanitazama toka miguuni hadi kichwani kama mnunuzi anayetazama mbuzi mgonjwa.

"Mngoni," alisema, "mtumwa wangu. Miaka yote hii, kumbe kuandika unajua?"



"Nilijifunza nilipokuwa namngoja Myao ajifunze kusoma."

Hakucheka. Alitoa korosho tatu, akaniwekea kiganjani, akapanda bodaboda nyuma ya dereva na begi mapajani. Mama muuza mboga wa kona akamuuliza anakwenda wapi. Akajibu kwa kuinua mkono tu. Yamekuja mengi tangu hapo. Kwamba karatasi ilisomwa hadharani. Kwamba yule bwana aliipasua. Kwamba aliiweka. Sikuwapo. Mimi nilisimama kizingitini mwake nikamwona akipita duka la kona, akipita kanisa, akiteremka kuelekea stendi, koti limejaa upepo na mkono wake wa kulia umebana mfuko, hadi pale barabara inapopinda.